Lenzi Inayosifiwa kwa Kazi Isiyo Yake

Kuna aina ya picha ambayo karibu kila mwenye simu amekwisha kuiona, hata kama hajui jina lake. Ni picha ya mji, au bandari, au uwanja wa mpira, imepigwa kutoka juu, na kila kilichomo kinaonekana kama kimetolewa kwenye boksi la vitu vya kuchezea watoto. Magari ni vigari vya plastiki, treni unaweza kuishika kwa vidole viwili, watu ni vijipande vya rangi vilivyobandikwa barabarani kwa gundi. Ukanda mmoja wa katikati ni mkali. Juu na chini yake kuna ukungu laini. Mtazamaji anajua kuwa mji ule ni wa kweli, pengine hata anaishi humo, lakini jicho linakataa. Wapigapicha huuita mtindo huu tilti-shifti, kwa jina la lenzi iliyouzaa: lenzi ghali na nzito, ambayo shingo yake inaweza kuinamishwa na kusogezwa kando. Jina hilo limewapotosha wengi. Kati ya kazi zote za lenzi hii, kuugeuza mji kuwa wa kuchezea ndiyo kazi inayoifanya kwa ustadi mdogo kuliko zote, na ndiyo inayoweza kufanywa na mtu asiyekuwa na lenzi hiyo kabisa.

Tuanze na chuma chenyewe. Katika kamera ya kawaida lenzi imekazwa mbele ya kihisi, au mbele ya filamu kama ilivyokuwa zamani, mfano wa dirisha lililojengewa ukutani: halipandi, halishuki, haliinami. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kamera nyingi za mbao za karne ya 19 zilikuwa na ubao wa mbele unaoshika lenzi, ubao wa nyuma unaoshika bamba la kioo lenye dawa ya kupokea picha, na katikati yake kifuko cha mikunjo kama cha kodiani. Mpigapicha aliweza kuupandisha ubao wa mbele, kuushusha, kuusogeza kulia au kushoto, na kwenye kamera nyingine kuulaza. Kamera za ukoo huo ndizo alizotumia mpigapicha Ansel Adams kwenye milima ya California, na ukali wa picha zake kutoka kwenye mawe ya miguuni mpaka vilele vya mbali ulitokana kwa sehemu na ubao ule unaoinama. Kamera ndogo za filamu ya milimita 35 zilipoenea, uhuru huo ulipotea, na wengi hawakuujutia kwa sababu kamera sasa iliingia mfukoni. Nikon waliurudisha nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa lenzi ya milimita 35 iliyoweza kusogezwa. Canon wakamalizia mwaka 1973 kwa lenzi iliyosogea na kuinama pia. Kwa hiyo anayeidhania tilti-shifti kuwa kionjo cha zama za Instagram amekosea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kusogeza ni mwendo rahisi kuuelewa, na ndio wenye faida kubwa. Simama mbele ya jengo refu na simu yako. Kilele hakiingii kwenye picha, basi unainua simu, na papo hapo kuta mbili za pembeni zinaanza kuelekeana juu kama pande za hema. Jengo linaonekana linaangukia kisogo. Jengo halina kosa. Kosa, kama ni kosa, ni kwamba kihisi kimelala huku ukuta umesimama. Kihisi na ukuta vikiwa sambamba, mistari iliyosimama hubaki imesimama. Visipokuwa sambamba, hukimbilia mahali pamoja. Mpigapicha wa majengo anahitaji kuiacha kamera ikiwa wima na bado akipate kilele, na hapo ndipo kusogeza kunapomfaa. Lenzi yoyote hutupa nyuma yake duara la mwanga, na kihisi hukaa ndani ya duara hilo. Kwa kihisi cha milimita 36 kwa 24, duara la milimita 43 hivi linatosha, na lenzi za kawaida hutoa hilo na ziada kidogo tu. Lenzi ya Canon ya milimita 24 iliyotoka mwaka 2009 hutupa duara la zaidi ya milimita 67, yaani kihisi kina nafasi ya kutembeatembea ndani yake. Hesabu yake inashikika. Kamera ikiwa wima, mita 1.5 kutoka ardhini na mita 20 kutoka ukutani, lenzi ya milimita 24 isiyosogezwa huona mpaka urefu wa mita 11.5 za ukuta. Ipandishe kwa milimita 12, na sasa inaona mpaka mita 21.5. Milimita 12 za chuma zimeongeza mita 10 za jengo, na kamera haikuinama hata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba kunyoosha huko ndiko uongo wenyewe, kwa kuwa mtu anayetazama jengo refu kweli huona kuta zikikaribiana juu. Pingamizi hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Kwenye kioo cha ndani ya jicho, mistari hiyo hukaribiana kweli. Lakini ubongo una habari nyingine: unajua kuwa kichwa kimeinuliwa, unajua majengo husimama, na unatoa hukumu kwamba kuta ziko wima. Picha iliyochapishwa gazetini haibebi habari ya kichwa kilichoinuliwa. Msomaji anaitazama ikiwa imelala mezani au mkononi, na kuta zilizoelekeana anaziona jinsi zilivyo, zimeelekeana. Kwa hiyo picha iliyonyooshwa iko karibu zaidi na hukumu ya mtu aliyesimama pale, na ile iliyoinama iko karibu zaidi na mwanga uliogonga jicho lake. Zote mbili ni kweli za aina yake. Msanifu anayetaka kulinganisha upana wa madirisha ya ghorofa ya kwanza na ya tano hana haja ya falsafa hii; anahitaji ile iliyonyooka, basi. Pia ni haki kusema kwamba kunyoosha kupita kiasi huchekesha. Mnara mrefu ulionyooshwa mpaka milimita ya mwisho huonekana umepanuka kichwani, na wapigapicha wengi wenye uzoefu huacha makusudi mwinamo mdogo ili jicho litulie.

Mwendo wa pili, kuinamisha, una historia iliyoanzia angani. Theodor Scheimpflug alikuwa kapteni wa jeshi la Austria aliyetaka kutengeneza ramani kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye maputo. Puto huyumba, picha hupigwa kimshazari, na ardhi iliyo bapa hutoka imepindika. Mwaka 1904 alisajili Uingereza hataza ya njia ya kuzirekebisha picha hizo, na humo akaeleza kanuni ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba Mfaransa Jules Carpentier alikuwa amemtangulia kwa hataza ya mwaka 1901. Kanuni inaweza kuonekana kwa kurasa tatu za kitabu. Ukurasa mmoja ni kihisi, wa pili ni lenzi, wa tatu ni bapa la vitu vilivyo vikali kwenye picha. Kamera ya kawaida ni kama kurasa tatu zilizochanwa na kusimamishwa sambamba: kilicho kikali ni ukuta wa hewa uliosimama mbele ya kamera kwa umbali fulani, na mbele au nyuma ya ukuta huo mambo hufifia. Lenzi ikiinamishwa, kurasa zinarudi kwenye kitabu na zote tatu zinakutana kwenye uti wake. Kwa mpangilio huo bapa la ukali linaweza kulazwa.

Faida yake ni kwamba mambo mengi tunayoyapenda kwenye picha yamelala. Shamba la chai limelala. Meza yenye vyakula imelala. Sakafu ya msikiti na mazulia yake imelala. Ukilaza bapa la ukali juu ya shamba la chai, majani ya miguuni na mistari ya mwisho kwenye upeo wa macho yote hutoka makali kwa pamoja, bila kulifinya tundu la lenzi mpaka mwanga ukosekane. Tena mwinamo unaohitajika ni mdogo ajabu. Lenzi ya milimita 24 iliyo mita 1.5 juu ya ardhi inahitaji kuinamishwa kwa pungufu kidogo ya nyuzi 1. Lenzi ya milimita 90 kwa urefu huohuo inahitaji nyuzi 3 na nusu hivi. Wanaoanza huizungusha mpaka mwisho, kwenye nyuzi 8 au zaidi, kisha wanashangaa kwa nini kila kitu kimeharibika. Bila shaka bapa lililolazwa lina gharama yake. Eneo la ukali sasa lina umbo la kabari, jembamba karibu na kamera na nene kule mbali, na mti ulio karibu uliosimama katikati ya shamba utakuwa mkali shinani na wa ukungu kileleni. Mti huo tutaurudia.

Sasa tuje kwenye mji wa kuchezea. Swali la kwanza ni kwa nini ukungu uufanye mji kuwa mdogo, wakati hakuna jengo lililopunguzwa hata kidogo. Jibu liko kwenye picha ya mbu ya kitabu cha sayansi cha shule: macho ya mbu makali, miguu imefifia, na kilicho nyuma yake kimegeuka rangi tupu. Kitu kikiwa karibu sana na lenzi, eneo la ukali huwa jembamba. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa kwa tundu la 2.8, ikilenga kitu kilicho nusu mita mbele yake, ina ukali wa sentimita 1.5 hivi, basi. Lenzi hiyohiyo ikilenga mita 30, kila kitu kuanzia mita 15 hivi mpaka upeo wa macho kinaonekana kikali. Ndiyo maana picha ya kawaida ya Nairobi kutoka juu ya jengo refu la KICC haina ukungu popote: mji wote uko mbali mno. Jicho la binadamu nalo ni lenzi, na tangu utoto tumezoea kwamba ukungu mwingi maana yake ni kitu kilicho karibu. Ubongo ukiona mtaa mzima ambao mbele yake kuna ukungu na nyuma yake kuna ukungu, unapiga hesabu moja tu inayowezekana: mtaa huu uko karibu, na kama uko karibu na bado umeenea wote kwenye picha, basi ni mdogo. Hapo ukungu umefanya kazi ya futi kamba.

Hili si dhana tu. Mwaka 2010 Robert Held na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ambamo watazamaji waliombwa kukadiria umbali wa vitu kwenye picha zilizotiwa ukungu wa viwango mbalimbali. Makadirio ya watu yalifuata ukungu kwa namna ambayo hesabu za watafiti zilikuwa zimetabiri. Ushahidi mwingine umekaa kwenye sinema kwa miaka mingi, ila umesimama kichwa chini. Kabla ya kompyuta, watengenezaji wa filamu walijenga miji na meli ndogo na kuzipiga picha ili zionekane kubwa, na adui yao mkuu alikuwa ukungu huuhuu. Walimwaga taa nyingi na kulifinya tundu la lenzi kadiri walivyoweza ili modeli iwe kali mbele na nyuma, kwa sababu ukungu ukionekana tu, siri inatoka. Mji wa kuchezea ni kosa lao lililofanywa kwa makusudi.

Na hapa ndipo hoja inapofika penyewe. Kuna maelezo yanayosikika mara kwa mara kwamba lenzi ya kuinamisha hufanya mji uonekane mdogo kwa sababu huiga kikamilifu lenzi inayopiga modeli kwa karibu. Haiigi. Tufikirie modeli iliyopunguzwa mara 100, ikipigwa na lenzi yetu ya milimita 50 yenye tundu la upana wa milimita 18. Ili kupata ukungu uleule kwenye mji wenyewe, tundu nalo lingepaswa kukua mara 100, liwe na upana wa mita 1.8, urefu wa mtu mzima. Lenzi hiyo mtu hawezi kuibeba. Badala yake lenzi ya tilti-shifti inafanya hila. Ikiwa ya milimita 90 na imeinamishwa nyuzi 8, bapa lake la ukali linapita sentimita 65 hivi tu kutoka kwenye lenzi, kisha linakwenda zake mbali, karibu sawa na mstari wa kutazama. Kamera inaliona bapa hilo kwa ukingo, kama unavyoiona karatasi iliyoshikwa usawa wa jicho: mstari mmoja mwembamba. Chochote kinachoangukia kwenye mstari huo ni kikali, kiwe mita 100 au kilomita 3. Chochote kilicho juu au chini yake kina ukungu, kiwe umbali gani. Kwa maneno mengine, lenzi haipimi umbali tena; inafuata kimo cha kitu kwenye picha.

Hila hii hufaulu kwa sababu, ukitazama mji bapa kutoka juu, kimo kwenye picha na umbali ardhini huenda pamoja: paa za karibu ziko chini ya picha, za mbali ziko juu. Lakini weka mnara katikati na mambo yanaharibika, kama ulivyoharibika ule mti wa shamba la chai. Mlango wa mnara ni mkali, kilele chake kimezama kwenye ukungu, ilhali mlango na kilele vinakaribiana kwa umbali kutoka kwenye kamera. Hakuna modeli ya mezani iliyowahi kufifia namna hiyo. Ndiyo maana picha nzuri za mtindo huu ni za bandari, fukwe, viwanja vya michezo na mitaa ya nyumba fupi, na ndiyo maana nyingi za katikati ya miji yenye maghorofa hazimdanganyi mtu. Msaidizi wa kweli ni mahali pa kusimama, kwa kuwa vitu vya kuchezea tumezoea kuvitazama kwa juu. Rangi zilizokolezwa nazo husaidia, kwa sababu plastiki haipauki kwa vumbi. Mwaustralia Keith Loutit aliongeza jambo la tatu katika filamu zake fupi za Sydney: aliruka fremu, hivyo watu na mashua wanakwenda kwa kudakadaka kama wanavyosukumwa na mkono wa mtoto.

Sasa, kama lenzi inafuata kimo tu, basi programu ya simu inayotia ukungu juu na chini ya picha na kuuacha ukanda wa katikati inafanya karibu kitu kilekile, na kwa bei ya bure. Instagram imekuwa na kitufe hicho tangu miaka yake ya mwanzo. Tena programu inayojua umbali wa kila kitu, na simu nyingi za leo hukadiria umbali huo, inaweza kuupa mnara ukali ule ule kuanzia mlangoni mpaka kileleni, jambo ambalo lenzi ya maelfu ya dola hailiwezi. Atakayejibu kwamba mtindo huu uliasisiwa na wenye lenzi atakuwa anasema kweli. Muitaliano Olivo Barbieri alipopanda helikopta juu ya Roma na miji mingine miaka ya mwanzo ya 2000, hakuna aliyekuwa na kitufe cha simu, na kazi yake bado inasimama kwa sababu alijua nini cha kuacha kikali. Uasisi ni heshima ya mtu, wala si sababu ya mwingine kununua chombo.

Mwenye programu anaweza kujaribu kwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata kunyoosha majengo kunafanywa na kompyuta, basi lenzi izikwe. Hapa anakosea, ingawa si kwa yote. Kompyuta ikinyoosha jengo hulazimika kuvuta sehemu ya juu ya picha, na kilele, ambacho tayari kilikuwa kidogo, kinatandazwa kama chapati iliyokosa unga. Nukta mpya zinabuniwa kati ya zile za kweli, na pembe za picha hukatwa. Kwa picha ya ukurasa mmoja kutoka kamera ya kisasa yenye nukta milioni 45, hasara hiyo haionekani, na mhariri mwenye busara hataidai. Kwa kumbukumbu ya nakshi za mlango wa Mji Mkongwe au mchoro wa dari, itakayochunguzwa na mafundi wa ukarabati miaka mingi ijayo, inaonekana. Kuhusu kulaza bapa la ukali, kompyuta inaweza kuunganisha picha kumi zilizolengwa umbali tofauti ziwe moja, na kwa saa iliyotulia mezani matokeo ni safi. Upepo ukipita shambani kati ya picha ya tatu na ya nne, majani yanakuwa na vivuli viwili. Ukungu ni rahisi kuongezwa baadaye. Ukali ambao haukupigwa haurudishwi.

Picha za habari ni jambo jingine. Gazeti likichapisha maandamano au kambi ya wakimbizi kwa mtindo wa mji wa kuchezea, limeshamwambia msomaji kabla ya maelezo yoyote kwamba watu hawa ni wadogo na shida yao ni mchezo. Hapo mtindo hauna udhuru, uwe umetokana na lenzi au na kitufe.

Anayetaka kuona thamani ya kusogeza bila kutumia senti anaweza kuanza leo. Simama mbele ya jengo la ghorofa tatu ukiwa umerudi nyuma vya kutosha, ishike simu wima kabisa, tumia lenzi yake pana zaidi, na usiiinue hata kilele kikikushawishi. Karibu nusu ya chini ya picha itakuwa lami na mchanga. Ikate. Kinachobaki, kuta zikiwa zimesimama wima, ndicho ambacho lenzi ya kusogeza ingekipiga kutoka hapohapo, ila yako ina nukta chache zaidi.